Gurudumu Linalovuma: Beringi ya Gari Katika Vumbi la Mwankoko

Beringi ya gurudumu ni kifaa cha chuma kinachotoshea kiganjani, ambacho kazi yake ni kuliwezesha gurudumu la gari kuzunguka kwa wepesi huku likibeba uzito wa gari lenyewe, wa abiria na wa mizigo. Kifaa hiki kinapoanza kuharibika hutoa sauti ambayo madereva na mafundi wengi huieleza kwa kusema kwamba gari “linavuma” au beringi “inalia”. Katika kata ya Mwankoko, iliyomo ndani ya Manispaa ya Singida, ambako gari moja huweza kupita katika vumbi la kijijini asubuhi na katika lami ya barabara kuu ya Dodoma, Nzega au Babati jioni, malalamiko ya aina hii yana sababu zake katika ardhi yenyewe, katika mizigo inayobebwa na katika namna kazi inavyofanyika gereji. Makala haya yanaeleza jinsi mvumo huo unavyotokea, jinsi ya kuutofautisha na sauti nyingine, na jinsi beringi inavyobadilishwa. Hoja yake kuu ni kwamba beringi nyingi hazifikii umri zilioundiwa, kwa kuwa huuawa mapema na uchafu, maji, mzigo au nyundo; kwa hiyo fundi anayefunga beringi mpya bila kujua kilichoiua ile ya zamani huwa ameahirisha tatizo tu.

Umbo la beringi na asili yake

Beringi ya kawaida ina sehemu nne. Ipo pete ya ndani, inayokaa juu ya mhimili au juu ya habu, yaani kile kitovu cha gurudumu ambacho rimu hufungwa kwake; ipo pete ya nje, inayokaa ndani ya kiti chake; zipo gololi au rola zinazoviringika kati ya pete hizo mbili; na kipo kizimba kinachozitenga gololi zisigusane. Kandoni huwekwa sili, ambayo ni ukingo wa mpira unaozuia grisi isitoke na uchafu usiingie.

Wazo la kuweka vitu vinavyoviringika mahali palipokuwa na msuguano ni la kale, lakini hataza ya beringi ya gololi kwa ajili ya mhimili wa gari la kukokotwa na farasi ilitolewa mwaka 1794 kwa Philip Vaughan wa mji wa Carmarthen huko Wales. Mwaka 1883 Friedrich Fischer wa Schweinfurt, Ujerumani, alibuni mashine ya kusaga gololi za chuma zikawa na ukubwa mmoja na uduara kamili, na mwaka 1898 Henry Timken wa Marekani alipata hataza ya beringi yenye rola zinazopungua unene kuelekea upande mmoja, ambazo huweza kubeba kwa pamoja uzito unaotoka juu na msukumo unaotoka ubavuni gari linapokata kona.

Aina hizo mbili ndizo fundi wa Singida anazokutana nazo hadi leo. Malori, matela na magari mengi ya kazi kama Land Cruiser za zamani hutumia rola za namna ya Timken, zikiwa jozi ndani ya habu moja, beringi ya ndani na beringi ya nje, na huweza kufunguliwa, kusafishwa, kupakwa grisi na kukazwa upya. Magari madogo yanayotoka Japani, ambayo ndiyo mengi barabarani, hutumia beringi ya gololi yenye safu mbili, iliyofungwa na kutiwa grisi kiwandani, ambayo haifunguliwi wala kurekebishwa bali hubadilishwa nzima. Katika baadhi ya magari hayo beringi na habu vimeunganishwa kuwa kifaa kimoja kinachofungwa kwa bolti.

Kwa nini beringi hulia

Chuma cha beringi ni kigumu kuliko vyuma vingi vya gari, kwa kuwa huchanganywa na kaboni ya karibu asilimia 1 na kromiamu ya karibu asilimia 1.5, kisha huchomwa na kupozwa ghafla ili kikakamae. Hata hivyo kinga halisi ya beringi si ugumu huo bali ni utando wa grisi unaozitenga gololi na njia zake, utando ambao kwa kawaida ni mwembamba kuliko sehemu ya elfu moja ya milimita. Chochote kilicho kinene kuliko utando huo, kikipenya, hukanyagwa kati ya chuma na chuma.

Hapo ndipo jiolojia ya Singida inapoingia gereji. Majabali makubwa yanayoonekana mjini na kando ya Ziwa Singidani ni ya graniti, na graniti inapomomonyoka kwa jua, mvua na upepo huacha mchanga wenye wingi wa kwatzi, madini yanayong'aa ambayo ugumu wake unazidi ule wa chuma cha beringi. Kwa hiyo vumbi linaloinuka nyuma ya gari katika barabara za Mwankoko, ambalo kwa mpita njia ni kero ya macho na ya nguo, kwa beringi ni unga wa kusagia. Chembe moja inayopita sili iliyochoka huacha kidonda kidogo katika njia ya gololi, kingo za kidonda hicho huanza kubanduka, na vipande vinavyobanduka vinakuwa uchafu mpya unaochimba vidonda vingine. Bandu bandu huisha gogo, na chuma nacho huisha kwa utaratibu uleule.

Maji hufanya madhara yake kwa njia ambayo wengi hawaitarajii. Gari lililokwenda mwendo mrefu huwa na habu yenye moto, na hewa iliyomo ndani yake huwa imetanuka. Likiingia ghafla katika korongo lenye maji wakati wa masika, habu hupoa, hewa husinyaa, na mvuto unaotokea hufyonza maji kupitia ukingo wa sili. Jambo hilohilo huweza kutokea gari linapooshwa kwa mashine yenye shinikizo kubwa ikielekezwa moja kwa moja kwenye habu.

Sababu ya tatu ni mzigo. Mwaka 1947 wanasayansi wa Sweden, Gustaf Lundberg na Arvid Palmgren, walichapisha kanuni inayotumika hadi sasa, kwamba umri wa beringi ya gololi hupungua kwa mchemraba wa mzigo wake: mzigo ukiwa mara mbili, umri hubaki sehemu moja ya nane, na kwa rola hubaki takriban sehemu moja ya kumi. Gari dogo linalopakiwa magunia ya vitunguu au alizeti yaliyoshindiliwa kwa mtindo wa lumbesa halipunguzi umri wa beringi zake kidogo kidogo kama mwenye gari anavyodhani. Mwenye gari hulipa mara nane kwa kile anachohesabu kuwa ni mara mbili.

Mvumo wenyewe unaelezeka kwa hesabu nyepesi. Tairi la gari dogo lina mzingo wa karibu mita 2, kwa hiyo huzunguka mara 500 katika kila kilomita, na katika safari ya kilomita zipatazo 240 kutoka Singida hadi Dodoma huzunguka mara 120,000. Gari likiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gurudumu huzunguka mara 11 hivi katika sekunde moja. Ikiwa pete ya nje ina kidonda kimoja na safu ina gololi 12, kidonda hicho hupitiwa na gololi mara zaidi ya 50 katika sekunde hiyo. Kila gololi inapopita hugonga, lakini migongano inayofuatana kwa kasi hiyo haisikiki mmoja mmoja, bali huungana kuwa mvumo mmoja mzito, kama wa ndege inayopita mbali. Ndiyo maana mvumo wa beringi hupanda na kushuka pamoja na mwendo wa gari.

Kuitambua beringi mbovu

Uchunguzi mzuri huanza barabarani, kwa kuwa sauti nyingi za gari hufanana na kila moja ina tabia yake. Hatua ya kwanza ni kuiondoa injini katika orodha ya watuhumiwa: mahali palipo salama, dereva huweka gia huru kwa muda mfupi gari likiwa bado linakwenda, bila kuzima injini, na ikiwa mvumo unaendelea ilhali muungurumo wa injini umeshuka, chanzo kiko upande wa magurudumu. Hatua ya pili ni kuyachunguza matairi, kwa kuwa tairi lililolika kwa mabonde huvuma kama beringi. Tofauti yake ni kwamba sauti ya tairi hubadilika gari linapotoka lami kongwe kwenda lami mpya, na huhama tairi linapohamishwa kutoka mbele kwenda nyuma, ilhali sauti ya beringi hubaki palepale. Sauti ya kukatika-katika inayosikika usukani unapokatwa hadi mwisho kwa kawaida hutoka katika kiungo cha shafti inayozungusha gurudumu la mbele.

Kipimo kinachofuata hutegemea kona. Gari linapokata kona, uzito huhamia upande wa nje, na beringi iliyo upande huo hubanwa zaidi. Ikiwa ni mbovu, hulia zaidi. Kwa kuwa Tanzania magari hupita kushoto, kipilefti ni chombo cha uchunguzi kisicholipiwa: gari linalozunguka humo huwa linapinda kulia mfululizo, uzito wake ukilala juu ya magurudumu ya kushoto, na mvumo ukizidi hapo, upande wa kushoto ndio wa kushukiwa kwanza. Mvumo ukizidi katika kona ndefu ya kushoto, mshukiwa ni gurudumu la kulia. Kipimo hiki si hukumu, kwa sababu zipo beringi zenye safu mbili ambazo safu ya ndani ndiyo iliyoharibika na hulia kinyume na matarajio, kwa hiyo lazima kithibitishwe kwa mikono.

Uthibitisho huo hufanywa gari likiwa mahali pa tambarare, magurudumu yanayobaki chini yamezuiwa kwa mawe au magogo, na gari lililoinuliwa kwa jeki likiwa limewekewa stendi imara, kwa kuwa jeki peke yake haipaswi kuaminiwa na mtu yeyote anayeingiza mkono au kichwa chini ya gari. Fundi hushika tairi juu na chini, kisha hulitikisa kwa kulivuta upande mmoja na kulisukuma upande wa pili. Gurudumu likicheza, msaidizi hukanyaga breki na tairi hutikiswa tena: uchezaji ukitoweka, beringi ndiyo yenye hitilafu, kwa kuwa breki imeishika habu na kuiunganisha na sehemu isiyozunguka; ukibaki, hitilafu iko katika viungo vinavyoshikilia gurudumu. Tairi likishikwa kushoto na kulia likacheza upande huo tu, ni viungo vya usukani vinavyostahili kuangaliwa.

Beringi inaweza kulia bila kucheza hata kidogo, na hapo fundi hutumia ncha za vidole. Huweka mkono mmoja juu ya springi ya gurudumu hilo na kulizungusha kwa mkono wa pili, polepole. Beringi nzima huteleza kimya, na ile yenye vidonda hutuma mkwaruzo mwembamba kupitia chuma cha springi hadi vidoleni, kana kwamba kuna mchanga unaosagwa ndani. Sikio la fundi aliyezoea hudanganyika kwa makelele ya gereji, lakini mkwaruzo huo hauhitaji ukimya.

Kubadilisha beringi

Katika magari yenye jozi za rola, kazi huanza kwa kung'oa gurudumu, kifuniko cha grisi, kotapini au bati la kufungia, kisha nati na habu. Rola huoshwa kwa mafuta ya taa au dizeli mpaka grisi yote ya zamani iishe, hukaushwa kwa kitambaa safi, na hazizungushwi kamwe kwa upepo wa kompresa, kwa kuwa beringi isiyo na grisi ikizungushwa kwa kasi huweza kujiharibu na hata kurusha rola zake. Njia zikionekana laini na zenye rangi moja, beringi huweza kurudishwa. Zikiwa na mabaka, mikwaruzo au rangi ya buluu iliyosababishwa na joto, hubadilishwa pamoja na pete yake ya nje, kwa kuwa rola mpya juu ya njia ya zamani hazidumu.

Kupaka grisi ni kazi ya kiganja. Bonge la grisi huwekwa kiganjani, na ukingo mpana wa beringi hugandamizwa juu yake mara nyingi mpaka grisi ianze kuchomoza upande wa pili kati ya rola na rola, kisha beringi hugeuzwa kidogo na kazi kurudiwa hadi mzunguko utimie. Grisi iliyopakwa juu juu kwa kidole haifiki panapohitajika, na habu iliyojazwa grisi pomoni hupata joto, kwa hiyo nafasi huachwa. Grisi za aina mbili tofauti hazichanganywi, kwa sababu baadhi yake zikikutana huyeyuka na kutiririka. Mwishoni nati hukazwa huku habu ikizungushwa ili rola zikae sawa, hulegezwa, kisha hukazwa tena kidogo kwa kipimo cha mtengenezaji, mpaka habu izunguke kwa wepesi bila kucheza. Sili na kotapini huwa mpya kila mara.

Katika magari madogo yenye beringi iliyofungwa, kazi huhitaji mashine ya presi, na hapa ndipo beringi nyingi mpya hufia. Nati ya ekseli hulegezwa gari likiwa chini, gurudumu na kalipa ya breki huondolewa, kalipa ikifungwa kwa waya ili isining'inie kwa mpira wake wa mafuta, kisha chuma kizima kinachobeba habu huchomolewa na kupelekwa kwenye presi. Habu husukumwa nje, klipu ya duara inayoizuia beringi isitoke huondolewa, na beringi ya zamani hufuata.

Kanuni inayoongoza ufungaji ni moja: nguvu ipite katika pete inayobana, na isipite kamwe katika gololi. Beringi inapoingizwa katika kiti chake, pete inayobana ni ya nje, kwa hiyo ndiyo inayosukumwa. Habu inapoingizwa ndani ya beringi, pete inayobana ni ya ndani, kwa hiyo ndiyo inayotegemezwa kwa chini. Fundi asiye na presi anayeigonga beringi kwa nyundo, tena kwa pete isiyostahili, huzikandamiza gololi katika njia zake na kuacha vishimo vidogo visivyoonekana kwa nje. Gari huondoka kimya, na baada ya majuma machache hurudi likivuma. Lawama huangukia spea, ilhali beringi ilijeruhiwa siku ileile ilipotoka dukani. Ni kweli pia kwamba spea za bandia zipo sokoni, na mnunuzi hufanya vyema kuangalia maandishi yaliyochorwa juu ya pete yenyewe na kuyalinganisha na ya sanduku.

Katika baadhi ya magari yenye mfumo wa breki unaozuia magurudumu yasijifunge, sili moja ya beringi huwa na sumaku inayosomwa na kihisio cha mwendo, na upande huo hutambulika kwa kugusishwa pini ndogo ya chuma, ambayo hunasa kidogo. Beringi ikifungwa kinyume, gurudumu litazunguka vizuri lakini taa ya onyo ya mfumo huo itawaka.

Ukazaji nao una kipimo. Nati ya ekseli katika Toyota nyingi ndogo hukazwa kwa nyutoni-mita zipatazo 216, sawa na kuning'iniza kilo 22 katika ncha ya spana yenye urefu wa mita moja, na nati za gurudumu kwa nyutoni-mita 103, yaani karibu nusu ya hapo. Nati ya ekseli ikilegea, pete mbili za ndani za beringi yenye safu mbili hutengana na beringi huchakaa upesi. Hii ndiyo sababu spana ya kupimia nguvu, ambayo wanafunzi wa ufundi magari hufundishwa kuitumia katika vyuo kama vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994 na yenye chuo mjini Singida, haipaswi kuhesabiwa kuwa anasa hata katika gereji bubu ya chini ya mti.

Kuisoma beringi iliyokufa

Kuendelea kuendesha gari linalovuma ni hatari inayokua. Vidonda huongeza uchezaji, uchezaji huyumbisha diski na kuichosha breki, joto huyeyusha grisi, na katika hatua ya mwisho beringi hukamatana au gurudumu hutoka mahali pake gari likiwa katika mwendo. Muda kati ya mvumo wa kwanza na hatua hiyo hautabiriki, kwa hiyo busara ni kushughulikia mvumo ungali mdogo.

Hata hivyo kazi haiishii pale gari linaposhushwa kwenye jeki. Beringi iliyotolewa, ambayo kwa kawaida hutupwa kwenye rundo la vyuma chakavu, ni shahidi wa kifo chake, na ikifunguliwa na kufutwa vizuri husomeka. Vishimo vilivyopangwa kwa nafasi sawa na ile ya gololi humtaja mtu aliyeigonga au shimo la barabarani lililopigwa kwa nguvu. Mabaka ya kutu husema kwamba maji yaliingia, na kwamba sili au tabia ya kuvuka makorongo ichunguzwe. Njia iliyobanduka magamba bila mikwaruzo huelekeza kwenye uchovu wa chuma, ambao kwa gari la kazi mara nyingi ni hesabu ya magunia. Na njia iliyopoteza mng'ao, ikawa ya kijivu kama kioo kilichosuguliwa, imeuawa na vumbi. Kipimo chake ni chepesi: grisi kidogo iliyobaki husuguliwa kati ya kidole gumba na cha shahada, na ikikwaruza, chembe zinazosikika hapo zilitoka katika majabali ya Singida, na sili iliyoziruhusu kuingia haifai kurudishwa pamoja na beringi mpya.